Ufahamu na Ufupisho: Kusoma Habari ya Kiufundi

Watahiniwa wengi wakikuta habari ya mashine au ya sayansi katika swali la ufahamu huogopa. Huona maneno kama kabureta na plagi, wakadhani mtihani wa Kiswahili umegeuka kuwa wa ufundi. Usiogope. Habari ya namna hii hufuata mpangilio: kuna tatizo, chanzo na suluhisho. Ukishika uzi wa sababu na matokeo, majibu mengi utayaona mwenyewe.

Kabla ya kujibu, fanya mambo haya matatu:

1. Soma mara ya kwanza bila kalamu, upate kisa kizima.
2. Soma mara ya pili ukipigia mstari maneno yanayofunga sababu na matokeo, kama vile hivyo, kwa kuwa, basi, ndiyo maana.
3. Pembeni ya kila aya andika maneno mawili au matatu ya wazo kuu. Hayo ndiyo yatakayokusaidia katika ufupisho.

HABARI

Mjini Njombe, mwezi wa Juni na wa Julai baridi huuma. Alfajiri moja kijana mwendesha bodaboda alipiga kiki mara kumi, mara ishirini. Pikipiki ikakohoa, ikanyamaza. Jasho lilimtoka ingawa ukungu ulikuwa umetanda. Abiria wake wa kila siku, muuguzi anayeingia zamu saa moja asubuhi, alisubiri kidogo, akatazama saa, kisha akapanda pikipiki nyingine. Ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo. Jioni, hesabu ya mwenye pikipiki haikutimia.

Kijana hakukaa bure. Alinunua plagi mpya, haikusaidia. Akaambiwa betri imechoka. Akakopa, akanunua nyingine. Asubuhi iliyofuata mambo yakawa yale yale. Alipoanza kuwaza kubadili kabureta nzima, mwenzake wa kijiweni alimshauri akamwone kwanza fundi mmoja mzee karibu na stendi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Usiniambie umebadili nini. Niambie inasumbua wakati gani."

"Asubuhi tu, mzee. Ikishapata moto, siku nzima inawaka kwa kiki moja."

"Basi umeshajibu nusu ya swali," fundi alisema. "Plagi iliyokufa haichagui saa. Ingekuwa umeme haufiki, hata mchana isingewaka. Iache hapa ilale. Tutaiwasha alfajiri ikiwa baridi, kama unavyoiwasha wewe."

Jioni hiyo fundi alimweleza kijana jinsi injini inavyowaka. Petroli haiwaki vizuri ikiwa majimaji. Ni lazima igeuke mvuke na kuchanganyika na hewa, kiasi cha kilo moja ya petroli kwa kilo 15 hivi za hewa. Injini ikiwa na moto, petroli hugeuka mvuke upesi. Ikiwa baridi, sehemu kubwa hubaki matone na kunata kwenye kuta za njia ya kuingilia silinda, hivyo mvuke unaofika kwenye cheche huwa haba. Ndiyo maana pikipiki yenye kabureta huwekewa choki. Choki hupunguza hewa inayoingia, na kwa kuwa hewa imepungua, petroli huvutwa kwa wingi zaidi. Hata ikiwa ni sehemu tu ya petroli hiyo inayogeuka mvuke, inatosha kuwasha injini.

Alfajiri fundi alikagua jambo moja baada ya jingine. Koki ya mafuta ilikuwa wazi na petroli ilikuwemo. Akavuta choki, akapiga kiki mara kadhaa, kisha akafungua plagi na kuitazama: ilikuwa kavu. Kama ingekuwa imelowa, tatizo lingekuwa petroli kuzidi. Kukauka kwake kulionesha kwamba petroli haifiki ya kutosha. Akairudisha plagi, akaziba kwa kiganja sehemu ya mdomo wa boksi la chujio la hewa, akamwambia kijana apige kiki. Pikipiki ikawaka. Kiganja kilikuwa kimefanya kazi ya choki. Basi choki yenyewe ndiyo haikuwa ikifanya kazi. Fundi akafuata waya wake kutoka mkononi hadi kwenye kabureta. Ulikuwa umelegea: mkono wa choki ulivutika wote, lakini kifuniko ndani ya kabureta kilijifunga nusu tu. Akakaza nati, na kazi ikaisha bila kununua kifaa chochote.

"Mwanangu," fundi alisema, "umelipa mara mbili kwa kosa ambalo halikuwepo. Tena sikiliza. Pikipiki ikishatulia, rudisha choki. Ukiiacha imevutwa, petroli inaisha haraka na plagi inajaa masizi meusi. Safisha chujio la hewa. Na petroli ya kwenye chupa uiogope: ikiwa imechanganywa na mafuta ya taa haigeuki mvuke upesi, na hapo hata choki nzima itakusumbua."

Kesho yake muuguzi alipopita, pikipiki ilikuwa inaunguruma.

MASWALI

(a) Pendekeza kichwa cha habari kisichozidi maneno matano.
(b) Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika katika habari: (i) ikakohoa (ii) hesabu (iii) haichagui saa.
(c) Kwa nini fundi alitaka pikipiki ilale kwake?
(d) Plagi kavu ilimwambia nini fundi?
(e) "Umelipa mara mbili kwa kosa ambalo halikuwepo." Fafanua kauli hii kwa kutumia habari.
(f) Fupisha maelezo ya jinsi injini inavyowaka na ukaguzi wa alfajiri kwa maneno yasiyozidi 50.

MAJIBU NA MAELEZO

(a) "Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua." Kichwa kizuri hubeba wazo la habari nzima. "Pikipiki" peke yake ni jibu dhaifu, kwa sababu halisemi pikipiki imefanya nini. "Bei ya Betri" ni kosa, kwa kuwa betri imetajwa kwa kupita tu.

(b) (i) Ilitoa mlio wa kukatika bila kuwaka. (ii) Kiasi cha fedha ambacho dereva humkabidhi mwenye pikipiki kila siku. (iii) Haibagui wakati. Husumbua muda wote. Angalia neno hesabu: ukiandika "somo la kujumlisha na kutoa" umetoa maana ya kamusi, na umepoteza alama. Swali limesema kama yalivyotumika katika habari.

(c) Kwa sababu pikipiki ilisumbua ikiwa baridi tu. Kuikagua ikiwa na moto kusingeonesha tatizo. Jibu hili halimo kwenye sentensi moja. Unalipata kwa kuunganisha jibu la kijana, "asubuhi tu", na kauli ya fundi, "tutaiwasha alfajiri ikiwa baridi".

(d) Kwamba petroli haikufika ya kutosha kwenye silinda. Usiandike kwamba plagi ni mbovu. Plagi ilikuwa mpya, na ilitumika kama shahidi tu.

(e) Kijana alinunua plagi na betri, vitu viwili ambavyo havikuwa chanzo cha tatizo. Chanzo kilikuwa waya wa choki uliolegea. Jibu kamili lazima litaje vitu vyote viwili pamoja na chanzo halisi.

(f) Petroli huwaka ikiwa mvuke. Penye baridi mvuke hupungua, hivyo choki hupunguza hewa ili petroli iongezeke. Fundi alikagua mafuta na plagi. Plagi kavu ilionesha petroli haifiki ya kutosha. Alipoziba mdomo wa hewa kidogo, pikipiki iliwaka. Alifuata waya wa choki, akakuta umelegea, akaukaza, tatizo likaisha. (Maneno 43)

Tazama yaliyoachwa katika ufupisho huu: kilo 15 za hewa, kiganja, nati, na mkono wa choki uliovutika wote. Hayo ni maelezo ya ziada. Yaliyobaki ni mnyororo: mvuke haba, choki, plagi kavu, waya. Ukiondoa pete moja, msomaji hataelewa fundi alifikaje kwenye waya. Hicho ndicho kipimo cha ufupisho mzuri.

MAKOSA YANAYOPOTEZA ALAMA

1. Kunakili sentensi nzima kutoka kwenye habari. Tumia maneno yako.
2. Kujibu kwa ujuzi wako badala ya habari. Huenda nyumbani mna pikipiki na unajua kwamba tundu dogo la kabureta likiziba pia huleta shida hii. Ni kweli, lakini habari haikusema hivyo.
3. Kuzidisha maneno katika ufupisho. Yahesabu, kisha andika idadi chini.
4. Kuruka swali kwa sababu ya neno moja gumu. Soma sentensi iliyotangulia na inayofuata. Mara nyingi maana imejificha hapo.

ZOEZI LA KUJIPIMA

Mwendesha pikipiki amevuta choki na kupiga kiki mara nyingi bila mafanikio. Sasa kuna harufu kali ya petroli, na plagi ikifunguliwa inatoka imelowa. Kwa kutumia habari uliyosoma, eleza tatizo lake kwa sentensi mbili. Kisha mwandikie maelekezo ya hatua nne za kufuata, kila hatua ianze kwa kitenzi cha kuamuru.

Mwongozo: petroli imezidi. Hatua zako zinaweza kuwa: rudisha choki, futa na kausha plagi mbali na moto, kisha irudishe, fungua resi yote ili hewa iingie kwa wingi, piga kiki mara chache hadi iwake, kisha punguza resi. Ukipanga hatua ya tatu kabla ya ya kwanza, maelekezo yatakosa mantiki hata kama Kiswahili chake ni fasaha.

Kijana wa Njombe alitumia fedha kabla ya kuuliza tatizo linatokea wakati gani. Mtahiniwa naye hufanya hivyo anapoandika jibu kabla hajajua swali linataka nini. Soma swali, rudi kwenye aya yake, ndipo uandike.