Mafunzo Niliyopata Nikipima Sumaku ya Tando za Feraiti

Kazi yangu ni kutandaza feraiti ya kobalti, CoFe₂O₄, juu ya bamba la fuwele nyingine. Leza hupiga kidonge cha feraiti ndani ya chemba ya ombwe, mvuke wake hutua kwenye bamba lenye joto, na utando hukua. Mwanafunzi anayeingia maabara leo ningependa aanze na haya.

1. Uliza kwanza utando umelala juu ya nini.

Kipimo cha latisi ya feraiti ya kobalti ni nanomita 0.839. Cha oksaidi ya magnesiamu, MgO, ni 0.421, na mara mbili yake ni 0.842. Atomi za utando hujivuta kidogo tu, chini ya asilimia 0.5, zikalingana na za chini yake. Juu ya titaneti ya strontiamu hali ni kinyume: utando hubanwa karibu asilimia 7, mbano usiovumilika, kwa hiyo mkazo huachia mapema na kasoro hujaa.

2. Mvuto mdogo hugeuza sumaku nzima.

Feraiti ya kobalti hufupika upande ule sumaku yake inakoelekea. Utando uliovutwa kwa mapana hupungua kimo, basi sumaku hupata nafuu ikisimama wima, ingawa umbo la utando linaitaka ilale. Mpaka leo jambo hili hunisisimua.

3. Ukibadilisha unene, hubadilishi kitu kimoja.

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Mtu huandaa tando za nanomita 10, 30 na 100, akaona sumaku inaongezeka, akaandika kwamba unene ndio sababu. Lakini kadiri utando unavyonenepa, mkazo nao unaweza kuachia, na mipaka ya ndani hupungua. Mipaka hiyo hutokana na latisi ya feraiti kuwa mara mbili ya ile ya MgO: visiwa vya kwanza vya utando huanzia sehemu tofauti, na vikikutana havioani, kama mafundi walioanza ukuta mmoja kutoka pande mbili bila kupima. Penye mpaka, ioni za chuma hutazamana kupitia oksijeni na sumaku zao hutaka kupingana. Mwaka 1997 Margulies na wenzake walionyesha kwamba hilo ndilo linalozuia tando za magnetaiti kujaa sumaku hata chini ya uga wa tesla kadhaa.

Kwa hiyo naandaa unene mmoja juu ya mabamba tofauti, kisha unene tofauti juu ya bamba moja, na kila sampuli naipitisha kwenye eksirei. Kwenye grafu, kilele kirefu cha MgO husimama karibu na nyuzi 43. Kilele kifupi cha utando huwa kulia kwake. Mkazo ukiachia, hicho kifupi husogea kushoto.

4. Pima bamba tupu.

Bamba la nusu milimita ni nene mara 25,000 kuliko utando wa nanomita 20, na mchango wake kwenye kipimo ni mstari ulionyooka unaoteremka. Wengi huuondoa kwa kulinganisha mteremko kwenye uga mkubwa. Lakini utando wenye mipaka mingi nao huendelea kupanda kwenye uga huohuo, na ukikata mteremko wote umekata sumaku ya utando wenyewe. Bamba tupu la kundi lilelile, lililopimwa uzito, hulinda ukweli huo.

5. Koleo liwe la plastiki. Chembe ya chuma isiyoonekana kwa macho inatosha kuharibu kipimo.

6. Sumaku ikizidi kiasi, tafuta atomi zimekaa wapi.

Katika feraiti ya nikeli ya kawaida, chuma hugawanyika nusu kwa nusu kati ya nafasi zenye oksijeni nne na zenye oksijeni sita, na sumaku za nusu hizo hufutana; inayobaki ni ya nikeli. Nikeli kiasi ikihamia kwenye nafasi za oksijeni nne, chuma huenda kwenye za oksijeni sita, mizani huvunjika, na sumaku hupanda. Magnetomita pekee haiwezi kuutofautisha uhamisho huo na uchafu. Eksirei za sinkrotroni zinaweza, kwa sababu husoma sumaku ya chuma na ya nikeli kila moja peke yake.