Chujio la Chupa: Mwongozo kwa Walimu wa Sayansi, Darasa la Tano

Mwalimu akisema "leo tunatengeneza chujio", wanafunzi watalitengeneza na kazi itaishia hapo. Anza na ndoo ya maji ya matope na swali: tufanyeje yatakate?

Kila kundi lilete chupa angavu ya lita 1.5. Mwalimu aikate kitako, kisha igeuzwe mdomo chini. Mdomoni kitangulie kitambaa cha pamba, ufuate mkaa uliopondwa, mchanga laini, na changarawe juu kabisa. Darasa la watoto 70 si kikwazo; makundi 10 yanatosha, ilimradi anayemwaga maji leo awe mwandishi wiki ijayo.

Kabla ya tone la kwanza, kila mtoto aandike daftarini anachotarajia na kwa nini. Kwa haraka ya kipindi, hatua hii ndiyo tunayoiruka, nami nimewahi kuiruka. Mtoto asiyeandika mapema, akishaona matokeo atasema alijua tangu mwanzo.

Makundi yatofautiane kwa jambo moja tu: hili lisitie mkaa, lile lizidishe mchanga mara mbili. Yakibadilishwa mawili pamoja, haitajulikana lipi lililoleta tofauti.

Mara nyingi maji ya kwanza hutoka meusi. Usieleze. Uliza weusi umetoka wapi, kisha nyamaza; atapatikana wa kukumbuka kwamba mkaa haukuoshwa. Neno "safi" nalo lipimwe. Chora msalaba kwenye karatasi, weka juu yake chombo angavu, mimina polepole hadi msalaba upotee machoni, upime kina kwa rula. Maji haya hayanywewi: vijidudu havionekani kwa macho, na chujio hili haliviondoi vyote.

Jibu la ajabu lisichekwe. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari Tanganyika, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa kwenye friza ukiwa moto ukiwahi kuganda kuliko uliopoa. Alichekwa. Baadaye alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia Dar es Salaam, ambaye alikubali kujaribu. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi wanabishana juu ya jambo hilo hadi leo.

Katika kutoa alama, kundi ambalo chujio lake limevuja, likaandika limevujia wapi na litarekebishaje, lipate zaidi ya kundi lenye maji maangavu na daftari tupu.