SOMO: Sululu Wawili, Tope Moja

Ninyi mnaokaa karibu na hori ya Mida, kule Watamu, mnawajua sululu: ndege wa rangi ya udongo, mdomo umepinda chini kama ile sululu ya kuchimbia. Wengi husema ni ndege mmoja tu. Sivyo. Ni wawili, tena ni ndugu. Haya, tuwatenganishe.

SULULU MKUBWA: Urefu ni sentimita 50 hadi 60. Kichwa hakina mistari. Mdomo wa jike waweza kufika sentimita 15. Huuzamisha topeni kuvuta minyoo waliojificha chini.

SULULU MDOGO: Ni sentimita 40 na kidogo. Kichwani ana michirizi miwili myeusi, katikati mstari mweupe. Mdomo ni mfupi, hupinda karibu na ncha. Anapenda sana kaa, na mdomo huo huingia barabara shimoni mwao. Akiruka hupiga mluzi wa haraka, kama mara saba. Maji yakijaa, hupumzika juu ya mikoko.

Kwa hiyo hawagombanii chakula sana. Kila mmoja ana jembe lake. Lakini angalieni: tukikata mikoko tunamwumiza mdogo, tukichimbua tope lote kutafuta chambo, tunamnyima mkubwa.

Wote wawili huzaliana kaskazini mwa Ulaya na Asia. Hutufikia kuanzia Agosti, na wengi huondoka Aprili.

Kwa nini tusumbuke kuwatofautisha? Ukiandika tu "sululu 100", hujui nani anapungua. Tangu mwaka 2008 shirika la IUCN limemweka mkubwa kati ya ndege wanaokaribia kuwa hatarini. Mdogo hayumo. Tena walikuwa na ndugu mwingine, sululu mwenye mdomo mwembamba, aliyefanana nao mno. Alionekana kwa hakika mara ya mwisho mwaka 1995, huko Moroko. Mwaka 2025 IUCN ilitangaza kwamba ametoweka duniani. Huyo hatarudi tena.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI
1. Katika ufuo wenu, ni yupi aliye wengi?
2. Chambo huchimbwa wapi? Je, twaweza kupumzisha sehemu moja?
3. Nani atahesabu mara moja kwa mwezi maji yakipwa, aandike wakubwa mbali na wadogo mbali?
4. Wenzetu wanaotembeza wageni, je, wanaweza kuwaeleza tofauti hizi bila kusoma karatasi?