JOTO LA MJUSI MWENYE NDEVU

Somo la Biolojia kwa Vidato vyote

Wanafunzi huniuliza mara kwa mara: je, mnyama wa damu baridi damu yake ni baridi kweli? Hapana. Kama ungeweza kumshika yule mjusi mwenye kichwa chekundu aotaye jua juu ya mawe saa sita za mchana, ungemwona ana joto kama la mkono wako. Tofauti ni kwamba sisi twajipasha joto kwa chakula tulacho, naye huliazima kwa jua na kwa jiwe.

Nitalieleza jambo hili kwa mfano wa jamaa yake, mjusi mwenye ndevu wa Australia, ambaye wataalamu humwita Pogona vitticeps. Watu wengi wa Ulaya na Marekani humfuga nyumbani. Nimemchagua kwa kuwa akiwa kifungoni uhai wake umo mikononi mwa yule ashikaye kipimajoto.

Desturi yake kwao

Kwao ni nchi kavu za ndani, mashariki ya Australia, ambako mchana huwa mkali na usiku wa baridi. Asubuhi hupanda juu ya gogo au nguzo ya ua, na ngozi yake huwa nyeusi zaidi ili inyonye joto upesi. Mwili ukifika karibu nyuzi 35 za Sentigredi, rangi yake hufifia. Joto likizidi hufunua kinywa, kisha hukimbilia kivulini. Kwa hiyo dawa yake ya joto na ya baridi ni moja, nayo ni kuhama.

Kasha lake

Basi mfugaji hana budi kumpa nafasi ya kuhama. Mjusi mzima afaa apewe kasha lenye urefu wa sentimita 120, upana wa 60 na kimo cha 60, nalo ligawanywe hivi:

1. Mahali pa kuotea. Taa ya joto itundikwe juu ya jiwe au gogo, upande mmoja wa kasha, mahali ambapo mjusi hawezi kuigusa. Uso wa jiwe uwe na nyuzi 38 hata 42.

2. Upande wa baridi. Huku pasiwe na taa ya joto, na pawe na kificho. Nyuzi 22 hata 26 zatosha.

3. Usiku. Taa zote zizimwe. Nyuzi 18 hata 22 hazimdhuru. Nyumba ikipoa chini ya hapo, hutumiwa kipasha joto kisichotoa mwanga.

Joto litoke juu, kama jua litokavyo juu. Mawe ya umeme yapashayo tumbo yamewaunguza mijusi wengi, maana mjusi hasikii upesi kwamba tumbo lake laungua.

Hesabu inayodanganya

Tazameni hesabu hii. Kasha la kwanza lina nyuzi 41 upande mmoja na 23 upande wa pili. Wastani ni 32. Kasha la pili lina nyuzi 32 kila mahali. Wastani wake ni ule ule. Katika la kwanza mjusi huchagua apendavyo. Katika la pili hawezi kupata joto la kumwezesha kusaga chakula vizuri, wala hana pa kujipoza. Ndiyo maana vipimajoto viwe viwili, kimoja kila upande, na uso wa jiwe upimwe peke yake.

Hatari ni kubwa. Vimeng'enya vya tumboni hufanya kazi kwa joto. Mjusi aliyeshiba lakini amekosa joto, chakula hukaa tumboni bila kusagwa, naye huweza kufa hali amelishwa vizuri. Kwa upande mwingine, kasha la kioo likiwekwa juani dirishani hupata moto upesi mno, na mnyama hufa kwa kukosa kivuli.

Mwanga nao

Joto peke yake halitoshi. Mjusi huhitaji mionzi ya urujuanimno aina ya B ili mwili utengeneze vitamini D na kuitumia chokaa ya chakula. Kioo cha dirisha huizuia mionzi hiyo, kwa hiyo hutumiwa taa yake maalumu. Akiikosa, mifupa hulainika na taya hupinda, kama mtoto apatavyo matege.

Jambo la ajabu

Joto huamua hata mambo ya yai. Mayai yakiatamiwa katika joto lipitalo nyuzi 32, baadhi ya wale wenye kromosomu za kiume huanguliwa wakiwa majike, nao huweza kutaga. Mwaka 2015 wataalamu walitangaza kwamba wamewaona majike wa namna hiyo porini Australia. Dunia inapozidi kupata joto, jambo hilo lastahili kufikiriwa.

Kazi ya kufanya

Msimkamate mjusi wa mawe. Mtazameni tu kwa siku tatu.

(a) Saa moja asubuhi, saa sita mchana na saa kumi jioni, pimeni joto la jiwe lililo juani na la jiwe lililo kivulini. Andikeni mjusi yuko wapi.

(b) Rangi yake yabadilikaje?

(c) Elezeni kwa nini wastani wa joto la siku hautoshi kueleza maisha yake.