Nahamishiwa Kinshasa, Nianzie Wapi?

Swali: Mimi ni meneja wa benki Nairobi. Nimeteuliwa kuongoza tawi letu Kinshasa kwa miaka mitatu, na mke wangu ataacha kazi anifuate. Nijiandae vipi?

Jibu: Ndugu yangu, anza na mkeo. Mwaka 1981 mtafiti Rosalie Tung alichunguza kwa nini mameneja wa kampuni za Marekani hushindwa ng'ambo. Sababu iliyoongoza ilikuwa mwenzi kushindwa kuyazoea maisha mapya; upungufu wa ujuzi wa kazi ulikuwa karibu na mkia wa orodha. Wengi bado hufundishwa mahesabu ya tawi, familia ikaachwa ijitafutie njia. Inasikitisha.

Kiswahili chako kingekufaa sana Goma au Lubumbashi. Kinshasa, barua za ofisini ni za Kifaransa, na sokoni ni Kilingala. Jifunzeni wote wawili, tangu sasa. Ukifika, salimia wafanyakazi kwanza, ripoti baadaye, wala usimkosoe mtu mbele ya wenzake. Miezi michache baadaye huenda kila kitu kikakuudhi. Ni hali ya kawaida, usikimbilie kuomba kurudi.

Kabla ya kusaini, mwombe mwajiri akulipieni masomo ya lugha na amsaidie mkeo kupata kibali cha kazi. Yaandikwe kwenye mkataba.