Seva Iliyovusha Kila Mtu

Mwaka wa pili nilipangiwa field Pangani, kwenye ofisi moja nisiyoitaja. Ilikuwa na seva yake ya barua pepe, inayotumia Postfix. Kama kozi ya mitandao uliishia kukariri namba za milango kwa ajili ya UE, basi soma hii.

Siku moja maofisa waliokwenda Mkwaja na Kipumbwi walipiga simu: barua zinaingia kwenye simu zao, ila hazitoki. Seva ilikuwa ikivusha barua za kompyuta za ndani ya ofisi tu. Nikafungua faili la mipangilio, kwenye mynetworks, yaani orodha ya anwani zinazoaminiwa, nikaandika 0.0.0.0/0. Maana yake dunia nzima. Barua zikatoka, nami nikajiona fundi.

Baada ya siku mbili foleni ya seva ilijaa maelfu ya barua taka za watu nisiowajua, na anwani yetu ikawa imeingizwa kwenye orodha nyeusi. Kilichoniuma hasa ni jambo jingine. Mama wa masjala alikuwa ametuma Dar es Salaam vielelezo vya mafao ya mzee mmoja. Barua ilikataliwa, ikarudi. Mzee alivuka kutoka Bweni asubuhi kuja kuulizia. Nilishindwa hata kumtazama.

Kosa langu lina historia. SMTP, utaratibu wa kusafirisha barua pepe, uliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, enzi mtandao ni wa vyuo na taasisi chache zinazofahamiana. Haukuwa na sehemu ya kumwuliza mtumaji nywila. Nyongeza ya kumthibitisha, SMTP AUTH, ilitoka mwaka 1999, barua taka zikiwa zimeshakuwa kero.

Hapa ndipo wengi tunapojichanganya. Seva ina kazi mbili. Ya kwanza ni kupokea barua za watu wake kutoka seva nyingine, kupitia mlango namba 25. Hapo usidai nywila: seva ya chuo chako haina akaunti Pangani, kwa hiyo ukiidai, hupati barua. Ya pili ni kuvusha barua kwenda nje. Hapo lazima uulize. Ni kama kivuko cha Bweni: ukienda kupokea wageni hakuna anayekudai tiketi, lakini ukitaka kuvuka, unadaiwa.

Tulirekebisha hivi:

1. Kwenye mynetworks tulibakiza seva yenyewe tu, 127.0.0.0/8. Hata kompyuta za ofisini zikaanza kujitambulisha, maana kompyuta yenye kirusi nayo iko ndani ya jengo.

2. Tuliwasha smtpd_sasl_auth_enable, na kazi ya kuhakiki nywila tukaipa Dovecot.

3. Watumishi wote walihamia mlango 587, na smtpd_tls_auth_only ikawekwa yes. Bila TLS, nywila husafiri kwa base64, ambayo si siri: yeyote anayeinasa anaisoma.

4. Kwenye smtpd_relay_restrictions tulipanga kwa mfuatano: permit_mynetworks, permit_sasl_authenticated, reject_unauth_destination. Yaani seva yenyewe ipite, aliyejitambulisha apite, na mwingine yeyote akataliwe isipokuwa barua yake ni ya mtu wetu.

5. Tulijaribu kutokea nje, kwa bando la simu, si Wi-Fi ya ofisi. Bila nywila, barua ya kwenda nje ilirudishiwa jibu 554, Relay access denied. Sijawahi kufurahia kukataliwa namna ile.

Kujiondoa kwenye orodha nyeusi kulichukua muda zaidi ya kurekebisha faili. Vielelezo vya mzee tulivichapa, tukavitia kwenye bahasha, vikaenda Dar kwa basi.

Mwenzangu unayekwenda field: mtumishi akiwa Mkwaja na barua hazitoki, usiongeze anwani kwenye orodha. Mpe akaunti na nywila ngumu. Anwani inakuonyesha mtu yuko wapi, haikwambii ni nani.