Kona ya Dada: Umepewa kazi ya kuwafundisha walimu wenzako slaidi

Mdogo wangu, barua yako kutoka upande wa Matombo nimeisoma. Najua wenzako wa Kinole, wa Mgeta na hata wa hapa Morogoro mjini wamo katika hali hiyohiyo, kwa hiyo nakujibu mbele yao wote. Unafundisha Biolojia, umri wako bado mdogo, na mkuu wa shule amekuteua uongoze vipindi vya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ili walimu wenzako wajifunze kutengeneza slaidi na kuzitumia darasani. Una hofu mbili: walimu wakubwa watakuona umejipandisha, na umeme huko kwenu mvua ikinyesha hukatika.

Tuanze na hao wakubwa, maana kazi yenyewe iko hapo. Mwalimu aliyekaa kazini miaka ishirini na zaidi anaweza kuichora ramani ya Afrika ubaoni kwa mkono mtupu huku darasa zima limetulia. Ukimsimamisha mbele ya vijana umwelekeze namna ya kushika kipanya, umemvunjia heshima, na kipindi kijacho hutamwona. Mpe shikamoo yake, kisha mwombe chati yake ya manila, ile aliyoichora mwenyewe na kuitunza miaka yote. Ipigeni picha kwa kishikwambi, na hiyo iwe slaidi ya kwanza ya mafunzo yenu. Wenzake watamwona yeye kwanza, na kazi ya mkono wake imekuzwa ukutani.

Kipanya akishike yeye. Akichelewa kukiona kitufe, nyamaza, subiri. Ukimnyang'anya mara moja tu ili umalize haraka, amejifunza kukuita wewe, hajajifunza kazi.

Nimetaja kishikwambi kwa sababu baada ya Sensa ya Agosti 2022 vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu viligawiwa kwa walimu. Kama cha kwako au cha mwenzako kimefungiwa kabatini kisije kikaharibika, kitoeni. Kinapiga picha, kinarekodi sauti, na chaji yake inaweza kuvuka kipindi ambacho umeme umekatika.

Sasa mafunzo yenyewe. Nakusihi usianze na programu. Mafunzo mengi ya aina hii huanza na vitufe: hapa unabadili rangi, hapa maneno yanaingia yakizunguka. Walimu wanaondoka wakijua kuzungusha maneno, Jumatatu wanarudi kwenye chaki. Wewe waambie kila mmoja aje na andalio lake la somo la wiki ijayo, kisha muulize swali moja: katika somo hili, ni kitu gani mwanafunzi hawezi kukiona nikiwa na chaki na mdomo wangu tu? Jibu lake ndiyo slaidi. Kama hakuna kitu cha namna hiyo, somo hilo halihitaji slaidi, na umwambie hivyo bila kumung'unya maneno.

Chukua somo lako mwenyewe. Katika misitu ya Milima ya Uluguru anaishi ndege mwenye utosi mweusi, mgongo wa kijani na kifua cha manjano, ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Hukaa juu kabisa kwenye miti mirefu, kwa hiyo hata watafiti humsikia mara nyingi kuliko wanavyomwona. Mtoto aliyezaliwa chini ya milima hiyo anaweza kumaliza kidato cha nne asimjue. Weka picha yake ijae skrini yote, weka na sauti yake, halafu uliza: kwa nini anaishi kwetu tu? Hapo umefungua mlango wa ikolojia, na chaki isingeweza kukufungulia.

Mwalimu wa Jiografia ana Mto Ruvu, unaoanzia milimani kwenu ukaenda kuwanywesha watu wa Dar es Salaam. Aupige picha mwezi wa kumi maji yakiwa yamepungua, arudi palepale wakati wa masika maji yakiwa mazito kwa udongo. Picha mbili katika slaidi moja, ubavu kwa ubavu, bila neno hata moja. Kisha awaulize watoto udongo ule umetoka mashamba gani. Hakuna siku ambayo angeweza kuwapeleka mtoni wakaiona misimu miwili kwa pamoja. Na mwalimu wa Historia amekalia hazina: mwaka 1955 wakulima wa Uluguru waliyakataa matuta ya ngazi waliyolazimishwa na serikali ya kikoloni, na ghasia zikazuka hapohapo Matombo. Picha ya mteremko wa leo na tarakimu hizo nne pembeni yake zinatosha kuanzisha kipindi.

Lakini anayetaka kuonesha jani la mgomba wakati mgomba uko nje ya dirisha, amtume mtoto akalichume.

Kuhusu maneno mengi kwenye slaidi, usiwalaumu wenzako sana. PowerPoint ilitoka mwaka 1987, kazi ya kampuni ndogo ya Marekani iliyoitwa Forethought, ambayo Microsoft waliinunua mwaka huohuo. Walioitengeneza waliwafikiria watu wa ofisini wanaoeleza mipango yao mikutanoni. Ndiyo maana ukiongeza slaidi inakupa nafasi ya kichwa cha habari na orodha ya vidoti chini yake. Mwalimu akivitii vidoti, anahamishia notisi ukutani na kuanza kuzisoma, watoto wananakili, na hakuna anayesikiliza. Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefanya majaribio ya jambo hili kwa miaka mingi, ameonesha kwamba watu huelewa zaidi wanapotazama picha huku wakisikia maelezo, kuliko wanapowekewa pia maneno yaleyale kwenye skrini wayasome. Kwa kidato cha kwanza, waliotoka juzi kwenye Kiswahili wakaingia kwenye Kiingereza, mimi ningeweka picha na jina la kila sehemu peke yake. Mtoto anaiona sehemu yenyewe, anausikia msamiati, anauandika. Sentensi ndefu zinampoteza.

Wafundishe na kitufe cha herufi B. Slaidi zikiwa zinaonekana, ukiibonyeza skrini inakuwa nyeusi, macho yote yanarudi kwa mwalimu. Ukiibonyeza tena picha inarudi. Inafanya kazi pia kwenye Impress ya LibreOffice, programu isiyo na malipo, kama shule haina leseni. Na kabla ya somo, kila mwalimu akakae dawati la mwisho kabisa asome slaidi yake kutoka pale. Herufi zikimshinda yeye, mtoto wa nyuma hana bahati.

Umeme ukikatika? Mwalimu awe na mchoro mmoja wa somo hilo anaoweza kuuweka ubaoni kwa dakika tano, na maswali yake yawe yameandikwa kwenye andalio, yasiwe ndani ya kompyuta tu. Kama projekta imezimika na vishikwambi vina chaji, darasa la wanafunzi sabini lipangwe vikundi, picha izunguke huku wengine wakijibu swali kwenye daftari.

Ukiulizwa kama ni bora kuwashusha wote mjini kwa siku moja, wapate posho na cheti, sema hapana kwa heshima. Barabara ya milimani wakati wa masika unaijua, na siku moja haimbadilishi mwalimu. MEWAKA imewekwa shuleni ili mtu ajaribu wiki hii, arudi wiki ijayo aseme palipomshinda. Ombeni mwenzenu mmoja awaruhusu mkae nyuma ya darasa lake mwone watoto wanatazama wapi.

Mwisho, tengeni flashi moja ya shule, na nakala yake kwenye kompyuta ya ofisi ya taaluma. Kila faili liandikwe kidato, somo na mada, kwa sababu walimu huhamishwa, na picha za Ruvu za misimu miwili zisiondoke na mtu kwenda mkoa mwingine.